Mama Ushindi na Kitabu cha Walioketi

Mimi si mtu wa kusifu watu ovyo. Wanaonijua hapa mtaa wa Alief watakwambia kwamba Kathure ana mdomo, na kweli ninao, sikatai. Kazi ya unesi nimeifanya miaka kumi na tisa, tisa kule Meru na kumi hapa Houston, na nimeona wengi wanaomshika mgonjwa mkono kwa upole mpaka familia yake itoke mlangoni, basi. Kwa hiyo nikikwambia kwamba Prudensia ni mtu wa watu, ujue nimepima kwanza.

Watu wake humwita Mama Ushindi, kwa jina la kifungua mimba wake, ambaye yuko Fort Worth anapakia mizigo kwenye ghala. Ni mama wa miaka hamsini na mbili, mfupi, anayecheka kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Alizaliwa Fizi, upande wa Kongo, akakimbia vita akiwa na mimba ya huyo Ushindi, akakaa kambini Nyarugusu, Tanzania, miaka kumi na minane. Huko kambini alifundisha watoto wa chekechea chini ya turubai, wengine wakiandikia kidole mchangani. Alipofika Amerika akaambiwa cheti chake si cheti, ndipo akaanza kuogesha wazee.

Tulikutana kwenye nyumba ya kutunzia wazee ninakofanya kazi. Mimi nilikuwa nesi wa zamu, yeye ni mmoja wa wale wanaowaogesha wazee na kuwalisha. Tulianza vibaya. Kila asubuhi alikuwa akikawia kwenye chumba cha Bi. Dorothea, mwalimu mstaafu, Mmarekani mweusi wa miaka themanini na moja, aliyepooza upande mmoja. Nikamwambia, "Prudensia, una wazee wanane, si mmoja." Akajibu, "Ndiyo, dada Kathure," halafu kesho yake akakawia vilevile. Nikasema moyoni, huyu ananichezea. Siku ya nne niliingia nimejaa hasira, kalamu mkononi, nimwandikie onyo.

Nikawakuta wameinamia kitabu cha watoto. Kumbe Bi. Dorothea alikuwa na maboksi mawili ya vitabu vya picha chini ya kitanda, vile alivyofundishia shule ya msingi miaka arobaini. Anaweka kidole kwenye picha, anasema neno kwa Kiingereza, Prudensia analirudia, kisha anampa lile la Kiswahili, na Bi. Dorothea naye analirudia huku midomo ikimpinda. Wakati huo wote mkono mmoja wa Prudensia ulikuwa unampaka mafuta miguuni. Na wale wazee wengine saba? Walikuwa wameshaoga, wamevaa, wamechanwa nywele, maana mama huyu alikuwa akiingia kazini dakika arobaini kabla ya zamu. Nilirudisha kalamu mfukoni nikaenda zangu.

Vitabu vile vilisimulia jinsi Wamarekani weusi walivyopigania haki zao: habari za mabasi, za shule, za foleni za kupiga kura. Kimoja kilihusu Houston yenyewe. Mwaka 1960, wanafunzi wa chuo kikuu cha weusi walitembea kwa miguu mpaka kwenye supamaketi moja, wakaketi kwenye kaunta ya chakula. Mtu mweusi aliruhusiwa kununua mkate na nyama humo dukani, pesa yake ikipokewa vizuri tu. Lakini aketi pale kaunta ahudumiwe kama wengine, hapana. Wale vijana wakaketi. Hawakuhudumiwa, na hawakuinuka.

Bi. Dorothea alikuwa rika lao. "Mimi sikwenda," alituambia siku moja, nami nikamtafsiria Prudensia. "Mama yangu alinikataza. Alisema nitamwaibisha mbele za watu. Wenzangu wameketi pale, mimi niko nyumbani napiga mashuka pasi." Alisema hayo bila machozi. Alipoanza kazi ya ualimu alianza kununua vitabu, kwa mshahara wake mwenyewe, na kwa miaka arobaini hakuna mtoto aliyepita darasani kwake bila kusomewa.

Prudensia akaendelea kumpaka mafuta miguuni. Ila jioni, tukivaa makoti, akaniuliza, "Dada, nikitaka kumwambia kwa Kiingereza kwamba watoto wetu nao watasomewa, nitasemaje?" Nikamfundisha ile sentensi. Aliifanyia mazoezi mpaka kituo cha basi, watu wakimwangalia. Asubuhi akamwambia Bi. Dorothea, na Bi. Dorothea akamshika mkono kwa ule mkono wake mzima, asiuachie mpaka chai ikapoa.

Bi. Dorothea alifariki Novemba. Mpwa wake akampa Prudensia vitabu vyote. Sasa sikia: Prudensia hana gari. Anaishi Gulfton, kwenye zile nyumba za kupanga zilizobanana, na kutoka kazini mpaka kwake ni mabasi mawili. Alivihamisha kwa maboksi matupu ya glavu, safari tatu, bila kuniambia. Nilipojua nilimgombeza kweli kweli. Hili gari langu nalilipia bima liwe pambo? Akacheka kile kicheko chake na kusema, "Ulikuwa zamu, dada."

Kanisa lao, la Wakongo wenzake, liko hapa Alief, ukumbi wa kupanga ulio kati ya kinyozi na duka la unga wa muhogo. Jumapili baada ya ibada, wakubwa wakibaki na vikao vyao, Prudensia akaomba apewe watoto kwenye chumba cha nyuma. Mimi si wa kanisa hilo. Nilikwenda mara ya kwanza kumbebea maboksi tu, nikajikuta nakwenda kila Jumapili.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Kwanza picha: mnaona nini? Kisha mtoto mmoja anasoma ukurasa kwa Kiingereza. Halafu anageuka na kumweleza Mama Ushindi kwa Kiswahili kilichotokea, kwa sababu Kiingereza cha Mama Ushindi kinachechemea na yeye hakuficha hilo hata siku moja. "Mimi sijui kusoma hii, baba, niambie." Watoto ambao nyumbani ukiwauliza kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza, pale walitokwa jasho wakitafuta maneno. Haki ya Mungu, vitu vile nilivitazama kwa wivu, maana wangu mwenyewe aliyezaliwa hapa Kiswahili chake kinaishia kwenye "chapati." Wazazi walifurahi mno. Mama mmoja alisema binti yake sasa anaongea na bibi yake kwenye simu bila mkalimani.

Februari ikaja zamu ya kile kitabu cha Houston. Prudensia alikifungua kwenye picha kubwa ya katikati. Mchoraji alikuwa amewachora wale vijana weusi wameketi kaunta, migongo imenyooka. Nyuma yao wamesimama wazungu watu wazima, wengine wana mvi, na bibi mmoja ameshika mkoba kifuani.

"Mnaona nini?"

Carmel akainua mkono. Carmel ana miaka saba na ni mjukuu wa Mzee Gaudence, mwenyekiti wa wazee wa kanisa. "Naona watu wana tabia mbaya," akasema. "Bibi amesimama, na wao wamekaa."

Chumba kizima kikakubali. Na wangekataaje? Kwao mkubwa akiingia, mdogo anainuka, hata kama nyumba ina viti ishirini. Watoto hao wamefundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kuhesabu. Walimwangalia yule bibi wa kwenye picha wakamhurumia kwa dhati. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Prudensia naye alicheka, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Nje magari yalikuwa yanapiga honi. Wazazi wengine walikuwa na zamu ya saa nane. Akawaambia haraka haraka, "Hapana, wanangu, hawa walikuwa na haki ya kukaa. Mwenye haki ya kukaa hainuki. Tutaendelea wiki ijayo." Akafunga kitabu, wakaondoka na nusu ya somo.

Jumatano ile Mzee Gaudence akapata mgeni, mkwe wake kutoka Fort Worth, aliyeendesha gari zaidi ya saa nne. Sebule ilikuwa imejaa watu. Kwenye kochi alikuwa ameketi Élysée, dada yake Carmel, miaka kumi. Mzee akamwashiria ainuke. Élysée hakuinuka. Alimwambia babu yake, kwa Kiingereza safi kabisa, kwamba ana haki ya kukaa. Na mkwe amesimama palepale mlangoni, kofia mkononi. Aibu ya namna hiyo mbele ya mkwe haifutiki kwa soda.

Nataka ieleweke kwamba Mzee Gaudence si mtu mbaya. Nusu ya watu wa kanisa lile aliwapokea yeye uwanja wa ndege, akawaonyesha jinsi ya kuwasha jiko na wapi pa kushukia basi. Usiku uleule alimpigia Prudensia simu, na hakupaza sauti. "Mama Ushindi," akamwambia, "sisi tuliacha nyumba, tukaacha ng'ombe, tukaacha na makaburi. Adabu peke yake ndiyo tuliyobeba. Sasa na hiyo mtatunyang'anya?" Akamwambia kwamba Jumapili baada ya ibada wazee watakaa kikao. Darasa litafungwa na vitabu vitatoka kanisani.

Jumapili nilikwenda kumchukua Gulfton. Alikuwa amevaa kitenge chake cha harusi za watu, amekipiga pasi mpaka kinang'aa. Njiani nikampa ushauri wangu, bila kuombwa. "Omba msamaha yaishe. Vitabu vitakaa kwangu, sebule ninayo. Watoto watakuja."

"Watoto wangapi, dada?"

Huku kila kitu ni gari, na wazazi wale wanapishana zamu, baba akiingia mama anatoka. Nani angemleta mtoto kwangu siku ya pili? Jumapili ile moja ndiyo waliyokuwa nayo.

"Bi. Dorothea alikatazwa na mama yake," akasema. "Hawa nao wakikatazwa leo, nitakuwa nilimdanganya mtu aliyekuwa anakufa." Alikuwa analainisha kitenge chake mapajani kwa viganja. "Naogopa, Kathure. Papa Gaudence ndiye aliyenipokea hapa." Ilikuwa mara ya kwanza aniite jina bila udada. Nikazima redio.

Ukumbini wazee watano walikuwa mbele, wazazi nyuma, watoto wamejibana ukutani. Mzee Gaudence alisali, kisha akaeleza kosa bila kuongeza chumvi. Alipomaliza akasema, "Mama Ushindi, sema neno lako."

"Naomba dakika kumi, Papa. Na viti vitano."

Wazee wakatazamana. Mzee Gaudence akatikisa kichwa kukubali. Prudensia alipanga viti vitano mstari mmoja na kuwaketisha watoto watano, Élysée katikati. Kisha akawaomba wazee wasogee mbele. Hawajapiga hata hatua tatu, watoto wote wameshainuka. Élysée aliinuka wa kwanza, macho sakafuni. Wazee wakaketi.

"Nani amewaambia muinuke?" Prudensia akawauliza watoto.

"Hakuna."

"Papa Gaudence, umejisikiaje?"

"Vizuri," akajibu Mzee. "Ndivyo mtoto anavyolelewa. Heshima si utumwa."

Wazazi wakapiga makofi. Mimi nikafumba macho. Nikasema mama huyu amejimaliza mwenyewe, amewapa wazee ushahidi mikononi.

Prudensia alivuta pumzi. Akasogea mpaka mbele ya Mzee Gaudence, karibu kabisa, akanyoosha kidole.

"Wewe," akasema. Hakusema Papa, hakusema Mzee. "Toka hapo. Watu wa aina yako hawakai hapa."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mzee naye, nadhani, alidhani hivyo, maana aliinamisha sikio. Prudensia akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Baba mmoja nyuma akasimama. "Mama Ushindi, umerukwa na akili?" Hakumgeukia. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni, ila sauti ameikaza.

"Nimesema toka. Kasimame kule nyuma na wenzako."

Mzee Gaudence akashika kingo za kiti kwa mikono miwili. Mishipa ya shingo ilimsimama. Nimeishi na wazee, naijua hasira ya mzee, na ile haikuwa ya maigizo.

"Sitoki," akasema.

Carmel alikuwa amesimama pembeni ya kiti cha babu yake, na yeye peke yake, kwa umri wake, hakujua kwamba kuna kitu kimevunjika. Alimwangalia babu usoni kwa muda. Akamuuliza, kwa Kiswahili, taratibu, akitafuta maneno kama alivyozoezwa chumba cha nyuma:

"Babu, na wewe una tabia mbaya?"

Prudensia akaanguka magotini palepale sakafuni, kitenge chake kizuri chini. "Nisamehe, Papa. Nisamehe. Sikujua njia nyingine ya kuwaonyesha."

Mzee hakumjibu yeye. Alimjibu mtoto.

"Hapana, mama," akamwambia Carmel, maana kwao mjukuu wa kike huitwa mama. "Hii si tabia mbaya." Akapangusa paji la uso kwa kiganja. "Mwaka wa tisini na sita, kwenye kizuizi cha barabarani, kijana mwenye bunduki aliniambia maneno haya haya. Watu wa aina yako hawapandi lori hili. Nikashuka. Mama yangu mzazi alikuwa na miaka sabini, naye akashuka kwa sababu mimi nimeshuka. Tulitembea siku nne. Yeye alitembea tatu."

Nimefanya kazi na vifo maisha yangu yote, na sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nyuma yangu mama mmoja alikuwa analia na shela mdomoni. Wazee wenzake wanne walikuwa wanaangalia chini, na nikafahamu kwamba miaka yote hiyo, pamoja na wale aliowapokea uwanja wa ndege, hakuwa amemsimulia mtu yeyote.

Élysée alikuwa bado amesimama. "Babu, sikujua," akasema, na alisema kwa Kiswahili.

"Ungejuaje? Mimi sikukuambia." Kisha akamtazama Prudensia, bado yuko sakafuni. "Na wale watoto wa kwenye kitabu, nani aliwaambia wainuke?"

"Wenye duka, Papa. Na sheria. Na kila mtu. Hata mama zao wengine."

"Na hawakutoka."

"Hawakutoka."

Mzee Gaudence akainuka. Aliinuka polepole, goti lake moja ni bovu, na hakuna aliyemwambia ainuke. Akamshika Prudensia kiwiko, akamnyanyua, akamketisha kwenye kile kiti alichokuwa amekataa kukiacha. Akatoa leso mfukoni akampa. Halafu akaenda mwenyewe mpaka kwenye maboksi ya glavu yaliyokuwa yamewekwa mlangoni tayari kutolewa nje, akatafuta humo mpaka akapata kile kitabu, akamwekea mapajani.

"Wasomee mpaka mwisho," akasema. "Na mimi nisikie."

Prudensia akakifungua kwenye ile picha kubwa. Élysée alikuwa ameshakimbia kuleta kiti kingine, akakiweka nyuma ya babu yake na kukipangusa kwa mkono wa sweta. Mzee akakiangalia, akamwekea mtoto kiganja kichwani.

"Acha, mama," akamwambia. "Leo nasimama kwa kupenda kwangu."